Mti Ulikokulia: Namna ya Kuchagua Mbao ya Msonobari ya Kujengea

Nimefanya kazi ya mapaa na sakafu za mbao kwa miaka 23. Miaka ya mwanzo nilikuwa na maswali mawili tu mbao zikishushwa: ni msonobari? Zimekauka? Sasa ninalo la tatu, na huwa naliuliza kabla ya hayo mawili: mti wenyewe umekulia wapi?

Nilifundishwa na sakafu moja ya ghorofani. Boriti zilikuwa za milimita 50 kwa 200, zote msonobari, zote zimerandwa, rangi moja, mafundo machache. Nusu zilitoka kwenye mzigo wa kwanza, nusu kwenye mzigo wa pili uliokuja wiki tatu baadaye kutoka nchi nyingine. Tulipomaliza kupigilia mbao za kukanyagia, upande mmoja ulikuwa umetulia kabisa. Ukivuka katikati, sakafu inadunda chini ya miguu. Kijana niliyekuwa nikifanya naye kazi akaniuliza, "Fundi, si ni mbao ileile?" Sikuwa na jibu. Tulifumua upande ule wote, kila boriti ya mzigo wa pili tukaiongezea mwenzake ubavuni, tukapigilia upya.

Jioni nilibaki na vipande viwili vilivyokatwa nchani, kimoja cha kila mzigo. Cha kwanza kilikuwa na pete nyembamba, karibu milimita 2 kila moja, zimepita karibu zimenyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Cha pili kilikuwa na pete nene za milimita 10 na zaidi, zimepinda kama upinde, na katikati yake kuna kitone cheusi: kiini cha mti. Kila ninachokueleza hapa kilikuwa kimeandikwa kwenye vipande vile viwili. Nilikuwa sijui kukisoma.

Mahali panaingiaje ndani ya mbao

Tazama pete moja kwa karibu. Ina sehemu mbili: ya rangi nyepesi, ambayo mti huijenga mwanzo wa msimu wa kukua, na ya rangi ya kahawia iliyoiva, inayojengwa mwishoni mwa msimu. Ile nyepesi ni seli pana zenye kuta nyembamba, kazi yake kubwa ni kupandisha maji. Ile nyeusi ni seli finyu zenye kuta nene. Uzito wa mbao na sehemu kubwa ya nguvu yake viko kwenye ule mstari mweusi. Kwa hiyo ukitaka kujua eneo fulani linatoa msonobari wa namna gani, jiulize kwanza: mti wa huko hupata muda gani na maji kiasi gani ya kujenga mstari mweusi?

Finland na Sweden majira ya joto ni mafupi. Msonobari wa huko, Pinus sylvestris, huongeza unene kidogo kidogo, na mara nyingi huachwa miaka 60 hadi 100 na zaidi kabla ya kukatwa. Matokeo ni pete nyembamba zenye mistari myeusi inayoonekana waziwazi. Hapo ndipo ilipozaliwa imani ya mafundi wengi kwamba msonobari wa baridi ndio imara, na wa joto ni dhaifu.

Imani hiyo nilikuwa nayo, na ni nusu ya ukweli tu. Nenda kusini mwa Marekani, kwenye tambarare za pwani ambako mvua huendelea kunyesha hadi mwishoni mwa msimu wa kukua. Misonobari ya huko, kama Pinus taeda na Pinus palustris, inaweza kuwa na pete ya milimita 4, lakini karibu nusu ya pete hiyo ni mstari mweusi. Ubao wake ni mzito na mgumu kupigilia msumari. Kanuni za kupanga madaraja za huko zinalitambua jambo hili kwa uzuri: ili mbao iitwe nzito, iwe na wastani wa pete 6 au zaidi kwa kila inchi na angalau theluthi moja iwe nyeusi, na ikiwa na pete pungufu ya 6, angalau 4, bado itakubalika endapo nusu yake ni nyeusi. Yaani unene wa pete peke yake hauhukumu. Na hata ndani ya eneo hilohilo la kusini mwa Marekani, Pinus taeda wa tambarare za pwani huwa mzito kuliko wa bara, kaskazini na magharibi zaidi.

Ukienda kaskazini ya mbali kabisa mwa Ulaya, mambo hugeuka tena. Pete zikishuka chini ya milimita 1, mstari mweusi hubaki kama uzi, na mbao huanza kuwa nyepesi. Wembamba wa pete una kikomo cha faida yake.

New Zealand ndiyo iliyomaliza ubishi ndani yangu. Msonobari wao mkuu, Pinus radiata, asili yake ni pwani ya California. Huko New Zealand, ule wa kaskazini kwenye joto ndio mzito, na ule wa kusini kwenye baridi ndio mwepesi. Mti uleule, nchi ileile, na kanuni ya "baridi ni imara" imepinduka.

Umri wa mti, yaani kile kiini

Hapa ndipo nakuomba utulie nami, maana kama utakumbuka jambo moja tu katika haya yote, liwe hili. Msonobari wowote, popote ulipo, huanza maisha kwa kujenga mbao dhaifu. Pete 10 hadi 20 za kwanza kuzunguka kiini ni mbao ya utoto. Kuta za seli zake zimejengwa kwa nyuzi ndogo mno zilizozungushwa kama kamba juu ya mti. Kwenye mbao ya utoto kamba hizo zimelala mshazari sana, mara nyingi zaidi ya digrii 30 kutoka mhimili wa shina; kwenye mbao iliyokomaa zinakaribia kusimama wima, digrii 10 au karibu na hapo. Kamba iliyolala inavutika kirahisi kama springi. Ndiyo maana mbao ya utoto hupinda upesi hata kama uzito wake si mbaya sana, na ndiyo maana ikikauka husinyaa kwa urefu na kujikunja ikiwa imeshapigiliwa.

Mahali panahusikaje? Panaamua ukubwa wa huo utoto. Chukua pete 10 za kwanza. Mti unaoongeza milimita 2 kwa mwaka utakuwa na kiini dhaifu chenye kipenyo cha milimita 40, ambacho mpasuaji anakipitisha kwenye ubao mmoja au mbao mbili. Mti unaoongeza milimita 12 kwa mwaka, kwenye udongo wenye rutuba, joto na mvua, utakuwa na kiini dhaifu chenye kipenyo cha milimita 240. Boriti nzima ya 50 kwa 200 inatoka humo bila kugusa mbao iliyokomaa hata kidogo. Ndiyo boriti zangu za mzigo wa pili zilivyokuwa. Mti haukuwa mbaya. Ulikatwa ukiwa bado mtoto mnene.

Kwa sababu hiyo, ukiuliza eneo, uliza pamoja na umri wa kukatwa. Mashamba ya New Zealand huvuna radiata katika miaka 25 hadi 30 hivi. Mti huohuo ukiachwa uzeeke, mbao zake za nje ni nzuri sana kwa boriti. Mashamba yaliyopandwa kwenye ardhi ya zamani ya malisho, yenye mbolea nyingi, hutoa miti minene yenye matawi makubwa na mbao isiyo kakamavu. Miti iliyopandwa kwa kubanana hutoa mbao kakamavu zaidi. Hali ya hewa haifanyi kazi peke yake. Mkono wa mwenye shamba umo ndani ya kila ubao.

Upepo nao uutazame. Mti wa kwenye mteremko, au ulioegemea kwa kupigwa na upepo wa pwani, hujenga upande wa chini wa shina mbao ya mgandamizo: pete pana upande mmoja, rangi ya kahawia yenye wekundu isiyo na mpaka wazi kati ya nyepesi na nyeusi. Hii inadanganya watu wazuri, kwa sababu ni nzito mkononi lakini inavunjika ghafla, na husinyaa kwa urefu ikiwa inakauka. Kiini kikiwa kimekaa pembeni mwa gogo badala ya katikati, shuku upepo.

Kwa nini muhuri unaopigwa kwenye ubao unataja asili

Wakaguzi wa mbao wanajua haya yote, na viwango vimejengwa juu yake. Ulaya, mbao ya kujengea hupewa darasa la nguvu kama C16 au C24. Namba ni uwezo wa kuhimili kupinda, kwa niutoni kwa milimita ya mraba, kwa kiwango ambacho ni mbao 5 tu katika 100 zinazotarajiwa kuwa chini yake. C24 ina wastani wa moduli ya unyumbufu wa niutoni 11,000 kwa milimita ya mraba. C16 ina 8,000. Hiyo moduli ndiyo kipimo cha ukakamavu, yaani mbao inavyokataa kupinda. Kuvunjika ni habari nyingine, ingawa mara nyingi vinaandamana.

Sasa tazama jambo hili. Uingereza wana kanuni ya kukagua kwa macho yenye madaraja mawili, GS (la kawaida) na SS (la juu zaidi). Mkaguzi anapima mafundo, mwelekeo wa nyuzi, nyufa. Msonobari kutoka kaskazini mwa Ulaya ukifuzu SS unapewa C24, na ukifuzu GS unapewa C16. Msonobari uliokulia Uingereza ukifuzu SS ileile, kwa mafundo yaleyale, unapewa C22, na GS yake ni C14. Macho yameona kitu kimoja. Jedwali la kugeuza daraja kuwa darasa la nguvu limeongeza kile ambacho macho hayakioni, yaani eneo. Hata mashine za kupima ukakamavu hurekebishwa kulingana na nchi mti ulikotoka.

Kwa hiyo jicho ulilolifunza kwenye msonobari wa eneo moja halisafiri na wewe. Ukubwa wa fundo uliouzoea kama "si tatizo" kwenye mbao ya pete nyembamba, kwenye mbao ya mti wa shamba unaokua haraka unaweza kuwa tatizo kubwa. Na eneo lenyewe hubadilika kadiri miaka inavyokwenda. Tarehe 1 Juni 2013, viwango vipya vya usanifu vilianza kutumika Marekani kwa mbao za misonobari ya kusini zilizokaguliwa kwa macho, na vingi vilishushwa baada ya upimaji mpya wa mbao zinazotoka kiwandani. Jedwali la mwaka 1995 ulilorithi kwa bosi wako, kwa mbao hiyo, liweke kando.

Ukiwa umesimama mbele ya rundo la mbao

Anza na muhuri. Tafuta darasa la nguvu, jina la spishi au kundi lake, na asili. Muhuri wenye darasa lakini usiotaja kanuni iliyotumika hunipa wasiwasi. Kama hakuna muhuri kabisa, endelea na haya yafuatayo, na bado usitumie mbao hiyo mahali ambapo mhandisi ameandika darasa.

Kisha ncha. Hapa mimi hutumia muda mwingi kuliko kote. Lowesha ncha kwa kitambaa chenye maji, au uirande kidogo kwa patasi kali, mistari ijitokeze. Tafuta kiini. Ubao wenye kiini ndani yake nauweka kando kwa kazi ndogo: vibanio, vizibo, mbao za muda. Kama kiini hakimo, angalia mkunjo wa pete: zikiwa zimepinda sana, kiini kilikuwa karibu; zikiwa karibu zimenyooka, ubao umetoka nje ya gogo, kwenye mbao iliyokomaa. Pima umbali wa pete kadhaa kwa rula, gawanya kwa idadi yake, kisha kadiria mstari mweusi unachukua sehemu gani ya pete. Robo na kuendelea inanipa moyo. Theluthi inanifurahisha.

Tahadhari kwa misonobari iliyokulia nchi za joto zisizo na baridi kali, kama Pinus patula wa nyanda za juu au Pinus caribaea wa nyanda za chini: mti unaweza kukua karibu mwaka mzima, pete zikawa hazionekani wazi, na pete moja si lazima iwe mwaka mmoja. Huko usihesabu miaka kwa pete. Angalia kiini na mkunjo, halafu nenda kwenye mizani.

Mizani ni rahisi. Pima ubao mkavu kwa kilo, gawanya kwa ujazo wake wa kweli kwa mita za ujazo. Ubao wa milimita 50 kwa 100 wenye urefu wa mita 3 una ujazo wa 0.015. Ukiwa na kilo 6.3, densiti yake, yaani kilo kwa kila mita ya ujazo, ni 420, ambayo ndiyo wastani wa darasa C24. Ukiwa na kilo 5.5, uko karibu 370, wastani wa C16. Mbao mbichi itakudanganya kwa maji iliyobeba, kwa hiyo kama huna kipima unyevu, subiri ikauke. Na kumbuka ile mbao ya mgandamizo: uzito peke yake usikupe uhakika.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha kupindisha, na hakihitaji mashine. Laza ubao wa 50 kwa 100 kwa bapa juu ya vigoda viwili vilivyoachana mita 3 kamili. Nyoosha uzi kutoka ncha hadi ncha, pima umbali wa ubao na uzi katikati. Ning'iniza ndoo yenye jumla ya kilo 20 katikati, pima tena, toa. Ubao wenye moduli ya 11,000 utashuka milimita 9.6 hivi. Wenye 8,000 utashuka 13. Wenye 6,000 utapita 17. Kwa ubao wa 50 kwa 200 weka kilo 40, namba zitabaki hizohizo. Kwa vipimo vingine, geuza uzito kuwa niutoni (kilo mara 9.81), uuzidishe na urefu wa nafasi mara urefu mara urefu, kisha gawanya kwa mara nne ya upana, mara unene mara unene mara unene, mara mteremko uliopima; vipimo vyote vya ubao viwe kwa milimita, na jibu ndilo moduli. Unene ndio unaotawala hesabu, kwa hiyo uupime kwa usahihi kabisa: ubao ulioandikwa 50 lakini ukawa 47 baada ya kurandwa utakupa jibu la uongo.

Nilipopima mabaki ya sakafu ile kwa njia hii, mzigo wa kwanza ulikuwa ukishuka milimita 9 na 10. Wa pili, 13 na 14. Pima mbao tano au sita kwa kila mzigo, usipime moja.

Ipo njia ya haraka pia. Shika ubao katikati au uulaze juu ya sponji mbili, gonga ncha moja kwa nyundo ndogo, na usikilize mlio kwa programu ya simu inayoonyesha masafa. Ubao wa mita 3 ukilia karibu hezi 830, sauti inapita ndani yake kwa karibu mita 5,000 kwa sekunde, na kwa densiti ya 450 hiyo ni moduli ya 11,000 na kitu. Ukilia 670, umeshuka hadi karibu 7,300. Baada ya mwezi mmoja sikio lenyewe huanza kutofautisha.

Ukishajua, ufanyeje

Mbao ya eneo linalokuza haraka haipaswi kutupwa. Inapaswa kupewa kazi inayoiweza. Boriti ya moduli ya 8,000 hushuka karibu asilimia 37 zaidi ya boriti ya 11,000 yenye umbo lilelile, lakini kwa kuwa kina huingia kwenye hesabu kikizidishwa chenyewe mara tatu (kina × kina × kina), ukiongeza kina kwa asilimia 11 tu umeufidia mshuko huo. Palipotosha milimita 200 weka 225. Au sogeza boriti karibu karibu, au kata nafasi kwa ukuta wa katikati. Nguvu ya kuvunjika ihesabiwe peke yake, na kwa nafasi ndefu mwachie mhandisi.

Viungo visisahauliwe. Msumari na bolti hushikwa na densiti, si na ukakamavu. Kenchi za mbao nyepesi zinahitaji misumari mingi zaidi, au bamba kubwa zaidi za chuma, hata pale ambapo mbao yenyewe inatosha kubeba mzigo. Upande mwingine, msonobari mzito wa kusini mwa Marekani hupasuka nchani usipotoboa kwanza.

Na usichanganye mizigo kwenye sakafu moja. Boriti kakamavu zitabeba sehemu ya uzito uliopaswa kubebwa na jirani zao laini, na mpaka kati ya mizigo miwili utausikia kwa miguu. Mimi sasa mbao zikishushwa tu, kabla hata ya kuzipanga, napaka ncha zote rangi: mzigo mmoja bluu, mwingine nyekundu. Rundo la bluu linakaa upande wake, na vijana wanajua kwamba ubao wa nyekundu hauvuki kwenda kwenye chumba cha bluu bila kuniita.